Uwanja wa ndege wa Gan kule Maldivi: nani aliujenga, na kwa nini kisiwa kidogo hivyo?

#1 JaKondele
Salamu wakuu. Niko na swali limenikaa kichwani karibu mwaka sasa, wenye historia yao naomba mnisaidie. Mimi ni wa hapa Kondele, Kisumu, lakini nilienda kupika kwa hoteli huko Maldivi miaka miwili, si upande wa Malé, mji mkuu, wenye watu wengi wanajua, mimi nilikuwa Addu, kusini kabisa mpaka umeshavuka ikweta. Kule unatua kisiwa kinaitwa Gan. Bana hicho kisiwa ni kidogo, unakimaliza kwa baiskeli kabla chai ipoe, lakini ranwei imekikata kutoka maji ya huku mpaka maji ya kule na ndege kubwa inatua bila shida. Siku ya kwanza nimeshuka nikajiuliza hii kitu inafanya nini hapa, maana kuna nazi na jodari na basi.

Nikauliza. Mzee mmoja muuza samaki akaniambia ni ya Waingereza, ya wakati wa vita vya Mjapani. Dereva wa teksi naye akakataa kabisa, akasema vita vilikuwa vimeisha kitambo, Waingereza walikuja 1957 na ndio walihamisha babu yake kutoka Gan. Wote ni wenyeji, wote wanaapa. Na kuna hoteli pale ambayo majengo yake ni ya masajenti wa jeshi la anga, nimeingia nikaona kwa macho.

Nani yuko sawa? Na kwa nini hapo?

#2 Mwalimu_Maseno
JaKondele, wote wawili wako sawa, ni vile wanaongea habari ya viwanja viwili juu ya kisiwa kimoja. Cha kwanza ni cha 1941. Jeshi la majini la Uingereza lilitaka mahali pa kuficha meli zake endapo Mjapani angeshuka Bahari Hindi, wakachagua Addu kwa sababu visiwa vimekaa duara na katikati kuna maji ya kina, ni bandari ambayo Mungu mwenyewe ameshaijengea ukuta. Hata jina walilificha, kwa barua zao waliita Bandari T. Pale Gan wakafyeka minazi wakatengeneza ranwei za matumbawe yaliyopondwa kwa ajili ya ndege za majini. Watu walikufa kwa malaria na homa za vichakani kabla hata adui hajaonekana. Cha pili ndio hicho cha dereva wako, 1957, hapo sasa ni RAF, jeshi la anga la Uingereza, ranwei ngumu ya kilomita mbili na nusu na zaidi.

#3 Section58
Mwalimu amejibu "nani", lakini "kwa nini" bado iko juu ya meza. Mimi nasema jibu ni Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ceylon ilipata uhuru 1948 lakini Mwingereza akabaki na bandari ya Trincomalee na uwanja wa ndege wa Katunayake. 1956 Bandaranaike akashinda uchaguzi, akamwambia funga virago, na 1957 zote mbili zikarudi kwa wenyewe. Sasa ndege ya jeshi ikitoka Uingereza kwenda Singapore ijaze mafuta wapi? Ndio wakakumbuka Gan. Angalia tarehe, mwaka ni ule ule. Mjapani wenu hahusiki na hiyo ranwei unayoiona JaKondele, Mjapani alikuwa ameshashindwa miaka kumi na mbili.

#4 Mwalimu_Maseno
Section58 wangekumbuka vipi Gan kama hawakuwahi kukaa hapo?

#5 Section58
Sawa mwalimu hiyo nakupa. Lakini mtu hurudi nyumba ya zamani akifukuzwa kwa mpya. Kilichomrudisha ni kufukuzwa.

#6 Baharia_Mstaafu
Wazee salamu kutoka Bungoma, nilifanya kazi bandari ya Kilindini miaka mingi kabla nirudi shamba. Mnaongea Addu bila kutaja Mombasa, hiyo hadithi haitasimama. Aprili 1942 Mjapani alikuja kweli na meli zake za kubeba ndege. Tarehe 5, Jumapili ya Pasaka, akapiga Colombo na kuzamisha manowari Cornwall na Dorsetshire, tarehe 9 akapiga Trincomalee na kuzamisha meli ya ndege Hermes. Alikuwa anatafuta kundi lote la meli za Mwingereza amalize kazi siku moja. Hakulipata, na sababu ni kwamba Admirali Somerville alikuwa amelipeleka Addu kuchukua maji na mafuta, na Mjapani hakujua kama kuna bandari hapo. Baada ya hapo Mwingereza akaona hata Addu ni karibu sana na moto, meli nyingi zikaletwa Kilindini kwetu. Na wale wataalamu wa kufungua siri za redio za Mjapani wakahamishwa kutoka Colombo wakawekwa kwa shule ya Allidina pale Mombasa, mpaka 1943 wakarudishwa. Kwa hivyo Gan na Kilindini ni ndugu wa vita moja.

#7 OmogusiiHalisi
Kwani kuna mtu anajua kituo cha majini cha Addu kiliitwa HMS Maraga? Mimi nimesoma nikaruka kwa kiti. Huko kwetu Kisii Maraga ni wengi mpaka mmoja alikuwa Jaji Mkuu.

#8 Nyathi_wa_Ziwa
Omogusii mtadai mpaka Maldivi sasa 😂 hiyo ni jina tu limefanana. Kilindini yenyewe iliitwa HMS Tana, hiyo angalau tunajua imetoka wapi.

#9 TotoLaMlango
Kuuliza si ujinga, sasa hata uwanja wa ndege wa Mombasa si uko kisiwani na ni wa vita? Tungeanza na wa kwetu kabla ya Maldivi.

#10 Baharia_Mstaafu
Toto, wa vita ndio, wa kisiwani hapana. Ule uko Port Reitz, bara, ukitoka mjini lazima uvuke daraja la Makupa. Wakati wa vita wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini ndio waliupanua, na ndege za majini za Mwingereza zikautumia. Watu wengi huchanganya kwa sababu Mombasa wanaita yote kisiwa.

#11 TotoLaMlango
Shukrani mzee. Na Kisumu je? Babu alikuwa akisema huu wetu pia ulijengwa na jeshi.

#12 Nyathi_wa_Ziwa
Babu alikaribia. Kisumu ndege zilianza kutua juu ya maji, na ilikuwa biashara. Shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya London mpaka Mwanza Februari 1931, ndege za maboti zinashuka kwa ziwa, abiria wanalala Kisumu, na mwaka uliofuata safari ikafika Cape Town. Vita vilipokuja 1940 na Muitalia akafunga njia ya Mediterania, wakapinda njia kama kiatu cha farasi, Durban, Mombasa, Kisumu, Khartoum, Cairo, halafu India mpaka Singapore na Australia. Kisumu ilikuwa stesheni ya hiyo njia. Kwa hivyo vita vilituongezea kazi tu, msingi ulikuwa tayari. Hii ranwei ya sasa ya kilomita 3.3 ni juzi tu, 2011.

Na kitu kingine JaKondele, umeona Kisumu na Gan ziko karibu mstari mmoja? Zote mbili ziko kusini ya ikweta kwa chini ya nyuzi moja. Ungetembea mashariki moja kwa moja kutoka Dunga ungepita karibu na mlango wa jikoni yako.

#13 JaKondele
Haki ya Mungu hiyo sikuwa nimeiwaza. Ndio maana jua lilikuwa linachomoza na kuzama saa za nyumbani, ni vile tu wenzetu wako mbele saa mbili. Asanteni wote, endeleeni, mimi nasoma yote.

#14 Nyar_Ahero
Nimesoma huu uzi kutoka juu mpaka hapa na mkono unatetemeka, mtanisamehe nikiandika ndefu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na ndugu mdogo wake. Huyo mdogo aliingia jeshini 1942 ama 1943, mizinga, si KAR (King's African Rifles) wale wa kutembea. Alikuja likizo mara moja na bakuli la bati na blanketi, blanketi tulikuwa nalo mpaka mimi nimekuwa msichana mkubwa. Halafu akapanda meli Mombasa 1944 na hakuna aliyemwona tena. Barua ilikuja, ikasomwa na mtu wa misheni, ikasema amepotea baharini. Mama yake akauliza bahari gani, hakuna aliyejua. Alikaa miaka akiamini amechukuliwa na Mjapani na ataachiliwa. Walipokubali mwishowe wakazika yago, lile tunda refu, kwa sababu mtu wetu lazima awe na kaburi nyumbani. Hilo kaburi lipo, nililipalilia Desemba.

Baharia umetaja Mombasa na Addu kwa pumzi moja. Kuna mtu anajua meli gani hiyo?

#15 Mwalimu_Maseno
Dada pole sana. Kama alikuwa mizinga na alipanda Mombasa mapema 1944, karibu nina hakika ni Khedive Ismail. Nitaandika polepole kwa sababu si habari nyepesi.

Meli iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 na meli zingine nne za askari, inaenda Colombo, na kutoka huko wangeunganishwa na wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwa vita vya Burma. Ndani kulikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, vijana wetu na maofisa wao. Walikuwemo pia mabaharia wa Kiingereza na akina mama wauguzi. Tarehe 12 Februari, Jumamosi mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika kama tatu hivi. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Mahali penyewe ni karibu na Maldivi, juu kidogo ya ikweta. Kutoka Gan ni kama kilomita mia mbili. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, ziliizamisha hiyo nyambizi, lakini Paladin yenyewe ikatobolewa, ikavutwa mpaka Addu.

#16 JaKondele
Sina maneno. Nimeogelea hayo maji.

#17 Section58
Dada pole. Kwa heshima naomba niongeze kitu ambacho mwalimu amekiruka, na nafikiri amekiruka kwa huruma. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali watu walikuwa wanaelea. Nahodha wa Petard aliamuru mabomu ya chini ya maji yaangushwe hapo hapo, katikati ya waliokuwa wanaogelea. Kuna watu walikuwa wamepona topido wakafa kwa hayo mabomu. Dada ana haki ya kujua yote.

#18 Baharia_Mstaafu
Ni kweli na tulikuwa tukibishana bandarini mpaka chai inapoa. Mimi nimekaa upande wa nahodha ingawa inaniuma. Kulikuwa na meli nne zingine zimejaa askari, na nyambizi hiyo ingepona ingezifuata usiku. I-27 ilikuwa imeshazamisha meli nyingi. Alipima watu mia mbele yake na maelfu mbele yao.

#19 Nyathi_wa_Ziwa
Mzee nakuheshimu lakini hapo sikubali. Ungekuwa umewaacha ndugu zako majini usingesema hivyo. Na niulize, ikiwa Mwingereza alijua kuna nyambizi huko, kwa nini watu elfu moja na mia tano wanapewa ulinzi wa manowari mbili na krusa moja ya zamani?

#20 Baharia_Mstaafu
Nyathi, ulinzi ulikuwa haba bahari yote, manowari nzuri zilikuwa Atlantiki na Mediterania. Hawakutuchagua sisi tu tuteseke.

#21 OmogusiiHalisi
Wengine wetu tunaona walituchagua. Lakini tusigombane juu ya kaburi la mtu.

#22 Nyar_Ahero
Msigombane kwa ajili yangu, andikeni tu, mimi nataka kujua yote. Section58 umefanya vizuri kusema. Miaka themanini nyumbani kwetu neno lilikuwa moja tu, "bahari". Leo bahari imepata jina na tarehe. Nimempigia baba, amenyamaza sana kwa simu.

#23 Mwalimu_Maseno
Dada, majina ya waliozama wako kwa ukuta wa ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ukienda na namba yake ya jeshi ama hata jina kama lilivyoandikwa wakati huo itasaidia. Jiandae kwamba makarani waliandika majina yetu venye waliyasikia. La Kijaluo unaweza kulikuta limegeuka kitu kingine.

#24 Gilgil_Border
Nimeingia nimechelewa. Rudi kwa uwanja kidogo, kuna ile meli ya mafuta British Loyalty, hiyo ndio inanifunza vile hiyo bahari ilikuwa kijiji kimoja. Mei 1942 Mwingereza akaingia Diego Suarez huko Bukini (Madagaska), na KAR wetu wakapelekwa kisiwa hicho hicho. Mwisho wa mwezi Mjapani akaingiza nyambizi ndogo ya watu wawili ndani ya bandari, akapiga manowari Ramillies na akaizamisha British Loyalty. Wakaiinua, wakaivuta mpaka Addu iwe tangi la mafuta linaloelea. Machi 1944, wiki chache baada ya Khedive Ismail, nyambizi ya Mjerumani, U-183, ikakaa nje ya duara la visiwa ikapenyeza topido kwa mwanya wa wavu wa kuzuia topido na kuipiga tena. Meli moja, Mjapani na Mjerumani. Iko chini mpaka leo, walizamisha wenyewe 1946.

#25 JaKondele
Wageni wa hoteli walikuwa wanalipa pesa kupiga mbizi kuiona hiyo meli! Tulikuwa tunawafungia chakula cha boti. Hakuna siku mtu alitwambia imetoka Bukini.

Sasa niwarudishe kwa yule dereva. Alisema babu yake alihamishwa. Hiyo ni kweli ama ni hasira?

#26 Section58
Ni kweli. Watu wa Gan walihamishiwa Feydhoo, kisiwa jirani, na wa Feydhoo wengine wakasukumwa Maradhoo kuwapisha. Mkataba wa kwanza ulikuwa miaka 100 kwa pauni 2,000 kwa mwaka. Hebu fikiria, pauni elfu mbili. Ibrahim Nasir alipokuwa waziri mkuu 1957 akaukataa, na 1960 wakaandikiana mwingine, miaka 30, na pauni 750,000 za maendeleo.

#27 Nyathi_wa_Ziwa
Na katikati hapo watu wa Addu wakajitenga na Malé kabisa, Januari 1959, wakatangaza nchi yao ya Suvadive chini ya Abdulla Afeef. Ilikufa 1963, Afeef akaenda kuishi Shelisheli. Ni Mwingereza aliwachochea ili asisumbuliwe na Nasir, hii iko wazi.

#28 Mwalimu_Maseno
Haiko wazi. Watu wa Addu walikuwa wamezoea kufanya biashara moja kwa moja na Ceylon, Malé ikataka kila kitu kipite kwake na kodi juu. Halafu RAF ikaleta kazi za mshahara, na Malé ikaagiza kazi zisimame. Mtu akikunyang'anya sahani unahitaji kuchochewa na nani? Hata hiyo nchi ilipokufa, Mwingereza ndiye aliyewaacha. Mchochezi gani huyo.

#29 Nyathi_wa_Ziwa
Mchochezi wa kawaida mwalimu. Huchochea, akimaliza shida yake anaenda.

#30 TotoLaMlango
Na RAF waliondoka lini? Na kwa nini waache kitu ya gharama hivyo?

#31 Section58
Machi 1976. Pesa ziliisha, walikuwa wameshatangaza 1968 kwamba wanatoa majeshi mashariki ya Suez.

#32 Gilgil_Border
Mimi naona ni kisiwa cha Diego Garcia. Mmarekani alianza kujenga hapo 1971, wakaaji wake wakatolewa wote wakatupwa Morisi na Shelisheli. Ukiwa na rafiki mwenye uwanja mkubwa hapo chini, Gan ya nini?

#33 Baharia_Mstaafu
Na Singapore mnaisahau. Gan ilikuwa kituo cha njiani kwenda Singapore. Askari wakishatoka Singapore, stesheni ya katikati inabaki ya nani? 1977 Mrusi alitaka kuikodi, dola milioni moja kwa mwaka, Nasir akakataa.

#34 JaKondele
Yule mzee wa samaki alinisimulia walipoondoka. Alikuwa kijana wa jikoni ya RAF, kama mimi tu. Asubuhi kuna kazi, mwezi unaofuata hakuna kazi kisiwa kizima. Lakini Kiingereza walikuwa wamejifunza, na hoteli za watalii zilikuwa zinaanza upande wa Malé, wakaenda huko wengi. Anasema ukikuta mzee mhudumu hotelini Maldivi muulize kama si wa Addu.

Na niwaambie, nimepata kontrakti ingine, narudi mwezi ujao. Nyar_Ahero, kuna kitu ungetaka nikufanyie huko? Naweza kukuletea mchanga wa Gan.

#35 OmogusiiHalisi
Peleka maua.

#36 Jaduong_Nyakach
Nimekuwa nikisoma kimya, mimi ni mzee. Kijana usilete mchanga. Huyo mtu alishazikwa, yago iliwekwa, mama yake alilia. Ukileta mchanga wa huko utafungua kaburi mara ya pili na ni nani atalifunga.

#37 Nyathi_wa_Ziwa
Jaduong' kwa heshima, yago iliwekwa wakiwa hawajui alikufa wapi. Sasa wamejua. Si ni vizuri aletwe?

#38 Jaduong_Nyakach
Mwulizeni baba yake. Mimi nimesema langu.

#39 Nyar_Ahero
Nimemuuliza baba. Amesema mchanga hapana. Amesema kama JaKondele atafika kwa hayo maji asimame hapo jioni aite jina lake, lile la nyumbani, si lile la jeshi, mara moja tu na kwa sauti. Ndugu nakutumia jina pembeni. Usiliandike hapa.

#40 JaKondele
Nimelipata. Nitamwomba mzee wa samaki anitoe na mashua yake.

#41 Section58
Ukiwa naye kwa mashua mwulize ile ya Ceylon pia. Mwalimu bado hajaniamini.